Askofu wa Lori la Ofwono

Inatangazwa kwa madereva wote wa pande mbili za mpaka, kwa mawakala wa forodha, kwa mafundi wenye leseni na wale wengi wasio nayo, na kwa yeyote aliyewahi kupigwa moshi wa lori usoni akiwa amevaa shati jeupe: ule mgogoro wa turbo kubwa za zamani na turbo kubwa za kisasa, uliowagawanya watu wa Busia kuliko mpaka wenyewe unavyowagawanya, umepata hakimu. Hakimu huyo ni Ofwono wa Tororo, dereva wa lori lake mwenyewe, Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka, mume wa mke mmoja, na mtu pekee aliyeendesha zote mbili kwenye lori lilelile, kilima kilekile, na saruji ileile mgongoni. Hukumu itasomwa kwenye kibanda cha chapati cha Winfred. Kila mtu aje na kiti chake. Winfred ana benchi moja tu, na mguu wa nne wa benchi hilo ni tofali.

Lakini hakimu lazima kwanza ajulikane, watu wasije wakahukumiwa na mgeni.

Ofwono alizaliwa chini ya Jiwe la Tororo, mahali ambapo vumbi la saruji hutua juu ya nguo, migomba na wachumba bila ubaguzi. Ni mtu mpana, mpole, mwenye mikono ya kubebea na mdomo wa kufungia. Kwao maneno yalikuwa kama nyama: yalikuwepo, lakini si ya kila siku. Baba yake alikula, akanawa, akalala. Ofwono naye akakua akijua kwamba mwanamume mwenye heshima akiwa ndani ya nyumba yake hutoa sauti mbili tu, ya kukohoa na ya kuuliza chumvi.

Mtu kama huyo angeoa vipi? Alisaidiwa na dagaa. Taaka, Msamia wa Masafu, alikuwa anauza dagaa soko la Busia, na Ofwono aliyekuwa hapendi dagaa akaanza kununua kila safari. Yeye hakujua Kisamia, Taaka hakujua Kipadhola cha kwao Ofwono, basi wakachumbiana kwa Kiswahili cha mpakani, kile cha kununulia na kuuzia, ambacho hakina nafasi ya mapambo.

"Hii samaki iko mzuri?"

"Iko mzuri kuliko mwenye kuuliza."

Kuna ndoa zimejengwa juu ya mashairi na zimeanguka. Hii ilijengwa juu ya dagaa na ikasimama.

Sasa tuje kwa Askofu.

Kwa wale ambao gari kwao ni kiti tu, turbo ni feni mbili kwenye mti mmoja wa chuma. Moshi unaotoka kwenye injini unaizungusha ya kwanza, ya kwanza inaizungusha ya pili, na ya pili inaishindilia injini hewa mdomoni kama bibi anavyomshindilia mjukuu uji. Injini ikishiba hewa, inachoma dizeli vizuri, na lori linapanda. Lori la Ofwono lilipokuwa jipya kwake, lilikuwa na kiturbo cha kiwandani cha ukubwa wa chungwa, na kwa mzigo wa saruji lilipanda kilima kama mgonjwa anayeelekea hospitali ya Masafu kwa miguu. Ndipo Chrispinus, fundi wa upande wa Kenya, mtu mwenye maneno mengi kuliko spana, alipompatia turbo iliyong'olewa kwenye lori la mashindano. Ilikuwa kubwa kama kichwa cha ndama. Chuma kitupu. Kuibeba kuliwahitaji watu wawili na matusi.

Ofwono aliiita Askofu, na aliyesikia jina hilo hakuuliza mara mbili. Ilikuwa na tabia zote za askofu anayekuja kutoa kipaimara. Ni kubwa, ni nzito, na inachelewa. Unakanyaga mafuta mguu mpaka chini, hakuna. Watu wamesimama juani, kwaya inarudia wimbo uleule, akina mama wanaanza kukaa chini. Unabadili gia, hakuna. Halafu, wakati umekata tamaa na unafikiria dini nyingine, anafika kwa kishindo! Mluzi, upepo, vumbi, na kila aliyekuwa amekaa anasukumwa nyuma. Hapo lori linapanda kama limeitwa mbinguni.

Na mluzi wake! Ulisikika kabla lori halijaonekana. Kule nyumbani Taaka akiusikia tu alibandika maji ya chai, kuku walihama barabarani, na jirani aliyeazima jembe alikumbuka kulirudisha.

Lakini turbo ya namna ile ina mwiko mmoja. Mti wake unazunguka juu ya bushi, yaani pete za shaba, na bushi zenyewe zinaelea kwenye oili. Ukifika na joto la kilima ukazima injini papo hapo, oili inasimama, moto unabaki, na ile oili inaungua na kuwa mkaa ndani yake. Ukirudia hivyo mara chache, Askofu amekufa. Kwa hiyo dereva akifika hazimi. Anaiacha injini ingurume polepole mpaka turbo ipoe. Muda wake haupimwi kwa saa. Kwa Ofwono ulipimwa kwa kikombe kikubwa cha bati kilichojaa chai ya moto.

Taaka ndiye aliyekileta. Siku ya kwanza alimpa kupitia dirishani. Siku ya pili mvua ilikuwa inanyesha, akapanda upande wa pili akakaa. Na baada ya hapo alipanda mvua ikinyesha au isiponyesha.

Hapa inabidi tumtaje Mama Apendi, mzazi wake Ofwono, ambaye anaishi nao. Mama Apendi ana masikio yanayomsikia kuku akifikiria kutaga. Kuta za nyumba ile hazifiki kwenye mabati, hivyo neno likisemwa chumbani linapanda, linazunguka, na linashuka kwa mama likiwa bado la moto. Asubuhi linakuwa limeshafika kisimani. Kwa hiyo ndani ya nyumba Ofwono na Taaka hawakuwa na la kusema. Lakini ndani ya kabini, injini ikinguruma na vioo vikitetemeka, hata malaika mlinzi angelazimika kuomba warudie.

Huko ndiko walikoishi. Jina la binti yao Babra lilichaguliwa kwenye kabini. Ng'ombe aliuzwa kwenye kabini. Taaka alimgombeza kwenye kabini siku aliyorudi ananuka pombe ya kwete, akamaliza, akashuka, akamkaribisha chakula mbele ya mama yake kwa heshima zote. Na baba yake alipokufa, Ofwono ambaye msibani alisimama mkavu kama nguzo ya umeme, aliendesha lori tupu mpaka kwenye makutano ya reli na kurudi, bila sababu, akafika nyumbani, akaiacha injini ingurume, na akalia mpaka chai ikapoa kabla ya turbo.

Basi Askofu akazeeka, kama maaskofu wote. Akaanza kutoa moshi wa bluu. Mti wake ukalegea. Kuchelewa kwake, ambako zamani kulikuwa na hadhi, kukawa kuchelewa kwa mtu aliyesahau anakwenda wapi. Kule kibandani kwa Winfred vijana wenye malori ya kisasa walikuwa wakimuuliza, "Mzee, leo Askofu anasoma misa ya kwanza au anakuja kufunga kanisa?" Naye Ofwono alikunywa chai yake akasema kwamba Askofu hatukanwi.

Siku moja walikuwa wanapeleka saruji Tiira, kwa mwenye duka wa karibu na mashimo ya dhahabu. Taaka alikuwemo, kwa sababu kutoka huko wangepitia Masafu kumwona mama yake. Mvua ilikuwa imenyesha. Kile kilima cha mwisho kabla ya machimbo ni kifupi, lakini kimekaa vibaya kama swali la polisi. Ofwono akakanyaga mafuta, Askofu hakuja. Akashusha gia, hakuja. Lori likasimama, likafikiri, likaanza kurudi nyuma. Breki zikashika, tope halikushika. Walirudi nyuma kwa unyenyekevu mkubwa, wakaacha barabara, wakapita katikati ya shamba la mihogo, na wakasimama bampa ya nyuma ikiwa imebusu choo cha watu. Mwenye choo alikuwa ndani.

Hakuna aliyeumia, isipokuwa mihogo na heshima ya yule bwana. Ofwono alikaa ameshika usukani. Injini ilikuwa bado inanguruma, na mkono wa Taaka ulikuwa juu ya paja lake, umebana mpaka kucha zimezama.

"Baba Babra," Taaka alisema, "badilisha hii kitu."

"Iko mzuri. Ni tope."

"Badilisha. Mimi sitaki kuwa mjane ya choo."

Kwa Chrispinus turbo mbili zililala juu ya meza moja, Askofu upande huu, na mgeni upande ule. Ofwono alimtazama mgeni kama baba anavyomtazama kijana aliyekuja kuposa kwa pikipiki ya kuazima.

"Hii ndogo," alisema.

"Si ndogo, Mzee, ni nyepesi. Mdomo ni uleule. Ingiza ngumi."

Ofwono akaingiza ngumi kwa Askofu, ikaingia. Akaingiza kwa mgeni, ikaingia vilevile. Hilo halikumfurahisha.

"Cheki mapanga ya feni," Chrispinus akaendelea. "Haya yako ni ya kumiminwa kwenye kalibu, manene, mazito. Moshi unasukuma weee mpaka yaamke. Haya mapya yamechongwa na mashine kwenye bonge moja la alumini. Wembe! Ndiyo maana hewa ni nyingi zaidi kwa mdomo uleule. Na huku ndani hakuna bushi, ni beringi za gololi. Sukuma na kidole."

Ofwono akasukuma feni ya Askofu. Ikazunguka kidogo, ikakwaruza, ikasimama kama mzee aliyeitwa na mtu asiyemjua. Akasukuma ya mgeni. Ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka. Simu ya Chrispinus ikalia, akamtukana mteja mmoja kwa utaratibu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na alipokata simu feni ilikuwa bado inazunguka.

"Na oili chafu?"

"Hapo umenishika. Ya zamani inakunywa chochote, kama mjomba wangu. Hii ukiipa oili chafu inakufa, na wewe unarudi hapa kunililia. Oili safi, Mzee, kila wakati."

"Na mluzi?"

"Mluzi wa nini, Mzee wangu? Unachunga ng'ombe?"

Ofwono akaichezea kofia yake. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kwa niaba ya jirani, "Na kupoza?"

"Hiyo ndiyo raha yenyewe!" Chrispinus akapiga meza. "Hakuna kupoza! Iko na njia za maji ndani. Hata ukizima hapo hapo, maji yanaendelea kuizunguka yanatoa moto. Unafika kwako, unazima, unaingia kwa nyumba, unakula kama mtu. Si kukaa kwa gari kama unangoja abiria."

Ofwono akamvuta Askofu karibu naye mezani. Akatafuta sababu nyingine za kukataa, lakini zote zilikuwa zimekwisha, na kucha za Taaka zilikuwa bado zinauma pajani.

"Funga," alisema.

Mgeni waliyemfunga alipewa jina la Shemasi, na ilikuwa haki yake. Anafika mapema, mwembamba, hana makeke, na kazi yote ya siku ile anaifanya yeye. Tuseme ukweli hata kama unawaudhi wazee wa kibandani: safari ya kwanza kwenda Tiira, Ofwono alicheka peke yake ndani ya lori. Aligusa mafuta, Shemasi akaitikia. Kilima kikapita chini ya matairi kama kimelainishwa na siagi. Yule mwenye choo, aliyesikia lori akatoka mbio akiwa ameshika suruali, alibaki amesimama kwenye mihogo akilipungia mkono.

Jioni Ofwono akafika nyumbani. Hakukuwa na mluzi. Maji hayakuwa yamebandikwa, kuku walinusurika kwa rehema, na jirani alikuwa bado na jembe. Ofwono akakumbuka maneno ya fundi. Akazima.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko lori. Taaka alitoka jikoni anafuta mikono, akamkuta mumewe ameshashuka, amesimama na kofia yake mkononi kama mtu aliyekuja kuuliza kazi.

"Umefika."

"Nimefika."

"Gari iko mzuri?"

"Iko mzuri sana."

"Wanasemaje?" Mama Apendi akauliza kutoka ndani, na wote wawili wakafunga midomo.

Siku zikaenda hivyo. Lori lilifika, likazimwa, watu wakala. Wakati mwingine Ofwono alibaki kidogo kwenye usukani mkono ukiwa kwenye ufunguo, akasubiri, akaona aibu. Mtu mzima anakaa kwenye lori lililozimwa anafanya nini? Wakati mwingine Taaka alitoka na kikombe cha bati, akakuta mlango umeshafungwa, akamimina chai kwenye kikombe cha kawaida, cha wageni. Ofwono akajiambia kwamba labda mwenzake amepumzika. Goti lake moja huuma, na ngazi ya kabini ni ndefu. Si ndiye aliyesema turbo ibadilishwe? Huenda kwa miaka yote alikuwa anapanda kwa heshima tu. Wazo hilo likaingia kichwani likafunga breki ya mkono.

Asubuhi moja Taaka alisema anakwenda Masafu kumwona mama yake. Ofwono akasema sawa. Aliporudi kutoka safari ya Busia, alimkuta Mama Apendi anapika kwenye kisufuria cha kuchemshia maziwa.

"Sufuria kubwa iko wapi?"

"Imekwenda Masafu," mama yake alisema bila kugeuka.

Ofwono alikaa chini. Mwanamke anayekwenda kumwona mama yake hubeba sukari na sabuni. Anayebeba sufuria kubwa amekwenda kupika huko.

"Baba yako," Mama Apendi akasema, akikoroga, "alikuwa na baiskeli. Kila jioni anaifuta nje, nyuma ya ghala. Mimi nampelekea kitambaa. Anaifuta mpaka giza. Bibi yako mzaa baba alikuwa anauliza, huyu mtoto anafuta nini, baiskeli haina hata tope?" Akaonja, akaongeza chumvi. "Sasa wewe umenunua baiskeli haichafuki."

Mtu mwingine angeielewa hotuba hiyo. Ofwono aliielewa nusu, na nusu aliyoielewa ilikuwa ile mbaya. Aliwasha lori, akavuka mpaka, na akamwambia Chrispinus: "Toa hii. Rudisha Askofu."

Chrispinus alikuwa na soda mdomoni. Ilitokea puani.

"Mzee! Umepata shida? Imevuja?"

"Haina shida."

"Haipandi?"

"Inapanda sana."

"Sasa?"

"Rudisha tu."

"Askofu ameshastaafu, Mzee." Chrispinus alielekeza kidole upande wa pili wa barabara. Kwenye kibanda cha Winfred, ganda la Askofu lilikuwa limegeuzwa juu chini, limejazwa makaa, na juu yake birika linachemka. Ile feni yake nzito, iliyowahi kuamsha kijiji, ilikuwa inazuia mlango usifungwe na upepo. "Tena Winfred anasema halijawahi kuwepo jiko linalotunza moto kama lile. Linachelewa kushika, lakini likishika!"

Ofwono akakaa juu ya tairi. Halafu, labda kwa sababu kelele za gereji zilikuwa nyingi, jenereta linanguruma na mtu anagonga bati, mdomo wake ukafunguka. Alimweleza fundi habari za kikombe cha bati, mama, kuta zisizofika kwenye mabati, na sufuria. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mwanamume, na alipomaliza alikuwa ametoka jasho kama amepakua mzigo.

Chrispinus alicheka, kisha akaacha kucheka, kisha akajikuna.

"Lakini Mzee, si uiache tu iwake? Nani alikukataza? Ufunguo si wako?"

"Bila sababu?"

"Sababu si mke wako?"

Ofwono alimtazama kama mtu aliyeambiwa atembee uchi kwa sababu ngozi ni yake. "Nikae kwa lori, injini inawaka, dizeli inakwenda, watu wanaona? Watauliza Ofwono anapoza nini. Mama atauliza. Nitasema nini?"

Chrispinus hakuwa mtakatifu, na wateja wake wanaweza kuthibitisha. Lakini alikuwa na mke huko Funyula ambaye kila Jumapili alimlalamikia kwamba simu anaizungumzisha kuliko yeye. Alisimama juu ya kreti la soda, akasafisha koo, akaita gereji nzima na wanywaji chai wa ng'ambo ya barabara.

"Sikieni! Wenye turbo mpya wote! Nilikosea. Nimeongea na wakubwa. Hizi mpya zinapozwa kuliko zile za kitambo. Zaidi ya zile za kitambo! Mtu asije hapa na turbo imeungua akaniambia sikumwambia!"

"Na zile njia za maji?" kijana mmoja akauliza kutoka kwenye benchi.

"Maji nayo si yanataka kupoa? Kunywa chai yako!"

Ofwono alishika njia ya Masafu jua likiwa bado juu ya migomba. Kwa shemeji yake Fabiano, kaka yake Taaka anayeishi na mama yao, hakuingia. Mkwe haendi tu kwa mama mkwe wake kama anayeingia kioski. Hutangulizwa habari, huja na kitu, na hukaa mbali. Akasimamisha lori barabarani, kando ya ua. Hakuzima. Shemasi hana mluzi, kwa hiyo hakuna aliyejua ni nani. Mbuzi wakaja kuangalia, wakaondoka. Mwishowe Fabiano akatoka, rozari mkononi.

"Shemeji! Kumbe ni wewe. Zima gari basi, tunasali."

"Haizimiki. Inapoa."

"Tangu saa ile?"

"Ilikuwa moto sana."

Fabiano akalitazama lori, akamtazama shemeji yake, akarudi ndani. Sala ikaisha, nyimbo zikafuata. Ofwono alikuwa ameanza kuangalia mshale wa dizeli ndipo mlango wa pili ulipofunguliwa na goti moja likatangulia, likilalamika. Taaka akakaa. Hakuwa na kikombe. Alitazama mbele, kwenye kioo.

"Chrispinus alisema hii haipozwi."

"Amebadilisha maneno."

"Lini?"

"Leo."

Injini ikanguruma. Sanamu ndogo ya Bikira iliyobandikwa kwenye dashibodi ikatetemeka kwa subira.

"Kwa hiyo inapozwa," Taaka akasema.

"Sana. Kushinda ile ingine."

"Mimi nilifikiri umenichoka. Unafika, unazima haraka haraka kama mtu anafunga duka."

"Wewe ndiye ulisema nibadilishe. Nikafikiri ni goti."

"Goti!" Taaka akamgeukia sasa, macho yote mawili. "Mimi nilisema ubadilishe ndiyo tufike juu. Nilisema uzime?"

Ofwono akahisi raha isiyo na kifani ya mtu aliyeshindwa kesi aliyotaka kushindwa. Halafu Taaka akaanza. Babra anataka kuacha shule akauze nguo Busia. Paa la jikoni linavuja upande wa kuni. Jembe bado liko kwa jirani. Fabiano amemwambia abaki, achukue kibanda pale senta, na yeye hakukataa, kwa sababu nyumba ambayo hakuna mtu wa kuongea naye, hata kuku wanaihama. Alisema yote yaliyolundikana tangu Shemasi afungwe, moja juu ya jingine, na Ofwono akawa anaitikia, "Mm," na "Hapana," na mara moja, "Nisamehe," neno ambalo injini ililimeza lakini Taaka alikuwa ameshaliona midomoni.

Fabiano akachungulia tena juu ya ua. "Bado?"

"Bado!" wakajibu wote wawili.

Sufuria kubwa ilirudi Tororo jioni ileile, katikati yao, imefungwa leso, imejaa mihogo ya mama mkwe. Walipofika nyumbani Ofwono hakuzima. Ndani ya nyumba, redio ya Mama Apendi, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kwamba imeharibika, ilipona ghafla ikapiga kwaya kwa sauti ya kutikisa mabati.

Hivyo ndivyo tunavyorudi kwenye kibanda cha Winfred, ambapo watu wamejaa na benchi linaomba msaada kwa tofali. Wazee wa turbo za chuma wamekaa upande wa birika, karibu na jiko ambalo ni mabaki ya bingwa wao. Vijana wa gololi na alumini wamesimama upande wa barabara. Chrispinus amekuja, amevaa ovaroli safi, anatazama angani. Wamebishana uzito, wamebishana hewa, wamebishana mluzi na oili, na mmoja ametaja uzalendo. Sasa wote wamemgeukia hakimu. Winfred mwenyewe ameacha chapati iungue upande mmoja.

"Mzee Ofwono," wakasema, "wewe umeziendesha zote. Tuambie mbele ya watu. Ya zamani na mpya, ipi?"

Ofwono akamaliza kutafuna. Akafuta vidole, akavaa kofia, akaanza kuelekea kwenye lori lake.

"Mpya," alisema. "Ila inachelewa kupoa."